Turffontein: Uwanja wa farasi uliogeuzwa kambi ya mateso

Kila mwaka maelfu ya watu hufurika katika uwanja wa Turffontein, kusini mwa katikati ya jiji la Johannesburg, kushuhudia mbio za farasi za Summer Cup. Zaidi ya karne moja iliyopita, hapo hapo palikuwa na kambi ya mateso.

Turffontein lilikuwa shamba. Mwezi Septemba 1886, miezi michache baada ya dhahabu kugunduliwa Langlaagte, serikali ya Makaburu ya Transvaal ililitangaza kuwa miongoni mwa mashamba tisa ya machimbo ya umma. Mwaka uliofuata wachimbaji walikwisha kupata uwanja wao wa farasi.

Vita kati ya Waingereza na Makaburu vilizuka mwaka 1899, na Johannesburg ikatekwa Mei 31, 1900. Makaburu walipoendelea kupigana vita vya msituni, majeshi ya Uingereza yaliyachoma mashamba yao ili wapiganaji wakose chakula na maficho. Wanawake na watoto waliobaki bila makao walipelekwa kambini, wengine wakiwekwa katika uwanja wa Turffontein. Surua na homa ya matumbo ziliwaua hasa watoto. Katika kambi zote za Makaburu walifariki dunia watu wapatao 28,000, ambao zaidi ya 22,000 kati yao walikuwa watoto.

Waafrika nao walikuwa na kambi zao. Vifo vyao vilivyoandikwa vinazidi 14,000, na watafiti wanaamini idadi halisi ilikuwa kubwa zaidi, kwa kuwa kumbukumbu hazikutunzwa ipasavyo. Makaburu waliwajengea wafu wao mnara mjini Bloemfontein mwaka 1913, ilhali makaburi mengi ya Waafrika yalisahaulika kwa miongo kadhaa.

Chini ya Sheria ya Maeneo ya Makundi ya mwaka 1950, Turffontein ilikuwa mtaa wa wazungu, wengi wao wafanyakazi wa kipato cha chini. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1991. Leo mtaani humo wamo pia wahamiaji kutoka Msumbiji, Zimbabwe na Congo, baadhi yao wakiwa wamekimbia vita.

Vumbi la mbio likitulia, ardhi ya Turffontein inabaki na deni moja: kuwakumbuka wafu wote wa vita vile, wakiwemo wale ambao majina yao hayakuandikwa popote.