Baina ya Darasa la Saba na Kidato cha Kwanza: Hoja ya Kozi ya Likizo kwa Watoto wa Mafukara

Imekuwa ikisemwa, na wasemaji ni watu wenye elimu ambao rai zao hazifai kupuuzwa, ya kwamba kuwakusanya watoto wa mafukara wakati wa likizo ili kuwaandaa kwa shule ya sekondari ni kupoteza fedha za umma, kwani athari ya mafunzo hayo ni ndogo na haidumu. Makusudio ya makala haya ni kuonyesha kwamba hoja hiyo, hata ikiwa na nguvu huko ilikozaliwa, haiwezi kuhamishiwa Tanzania Bara kabla ya kuuliza mtoto wetu hukosa kitu gani anapotoka shule ya msingi. Na jibu likipatikana, kozi ya likizo iliyo ya umma na isiyo na malipo itadhihirika kuwa ni haki yake.

Kwamba mtoto wa maskini huanza sekondari akiwa nyuma ya wenzake, hilo halina mgogoro. Mgogoro uko juu ya likizo yenyewe. Nchini Marekani, Barbara Heyns mwaka 1978, na baada yake Alexander, Entwisle na Olson katika uchunguzi wao wa Baltimore uliochapishwa mwaka 2007, walishikilia kwamba pengo baina ya matajiri na maskini hupanuka shule zinapofungwa. Von Hippel na Hamrock wakajibu mwaka 2019 kwamba sehemu kubwa ya upanuzi huo hutokana na namna mitihani ilivyopimwa. Cooper na wenzake, walipokusanya tathmini 93 mwaka 2000, waliona kwamba faida ya masomo ya likizo iliwaendea zaidi watoto wa tabaka la kati. Uingereza nayo ilitenga pauni milioni 50 kwa kozi za wiki moja au mbili za kiangazi cha mwaka 2012, zilizokusudiwa watoto wenye dhiki waliokuwa wakiingia sekondari. Wanaotupinga hutaja mambo haya kana kwamba yamekata shauri. Hayakukata. Ubishi wa Wamarekani ni juu ya kusahau, yaani kama mtoto hupoteza likizoni alichokuwa nacho. Na kozi za Waingereza zilimpeleka mtoto kwenye shule ngeni ambayo lugha yake ni ile ile aliyoizoea. Mtoto wetu hali yake ni nyingine. Mwezi wa Septemba huketi siku mbili akisiliba vijiduara kwa penseli katika fomu za kusahihishwa na mashine, utaratibu ulioanza mwaka 2012, na isipokuwa karatasi ya Kiingereza, maswali yote huyasoma kwa Kiswahili. Mwezi wa Januari hutakiwa aeleze kwa aya kamili, na kwa Kiingereza, takriban kila somo.

Ushahidi ninaoutegemea zaidi ni daftari. Katika darasa moja la Kidato cha Kwanza wilayani Pangani nilipewa kuangalia daftari la Jiografia la mvulana mmoja, mtoto wa mvuvi, ambaye mwandiko wake ulikuwa safi na ambaye mwalimu alikuwa amempigia vema ukurasa baada ya ukurasa. Maelezo juu ya maji kujaa na kupwa yalikuwa yamenakiliwa kwa Kiingereza bila ya kosa la herufi hata moja; ila neno moja refu lilikuwa limekatwa vipande viwili, kimoja mwisho wa mstari na kingine mwanzo wa mstari uliofuata, ilhali palikuwa na nafasi tele ya kuliandika zima. Nilipoinua macho nikaiona sababu: mwalimu alifika ukingoni mwa ubao akalikata neno papo hapo, na mvulana akaunakili mkato pamoja na neno. Aliyeandika vile hakuwa akisoma, alikuwa akichora. Walakini nilipomwuliza kwa Kiswahili, alinieleza bamvua na maji mafu, na jinsi yanavyofuatana na umri wa mwezi, kwa mpango ambao ungelimpatia alama zote laiti mtihani ungelikuwa wa lugha yake. Daftari moja si utafiti, lakini mwalimu yeyote wa shule ya kata atakiri kwamba anayo mengi ya namna hiyo. Na linathibitisha kwamba mtoto yule hakupungukiwa na akili wala maarifa. Alichopungukiwa ni lugha ya kuyasemea maarifa yake, nayo ni jambo la kufundishika, tena kabla ya masomo hayajamwelemea.

Wenye uwezo wamekwisha kulitambua hilo. Karibu miezi minne iliyo baina ya mtihani na Kidato cha Kwanza imekuwa msimu wa biashara ya kozi ziitwazo "pre-form one", ambazo mzazi hulipia ada, nauli na daftari. Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015 uliondoa ada katika shule za serikali hadi Kidato cha Nne, na hiyo ni heri kubwa. Lakini haukuigusa miezi hii. Kwa hiyo katika dawati moja la Januari huketi mtoto aliyekwisha kuzipitia mada za muhula wa kwanza pamoja na mwingine aliyetoka kupalilia shamba, kuanua dagaa au kufanya kazi za ndani katika nyumba ya watu, nao huambiwa kwamba wameanza sawa. Sioni insafu katika mwanzo huo.

Ninachopendekeza si kuiga biashara ile kwa fedha ya umma, maana nyingi ya kozi hizo hukimbiza mada ambazo mtoto atazikuta tena. Kozi ya umma ianze na jambo analolijua kwa Kiswahili, kama vile mbegu kuota, maji kujaa au hesabu ya sokoni, kisha imfundishe kulisema, kulisoma na kuliandika kwa Kiingereza, sentensi kwa sentensi, bila ya kumwaibisha. Ifanyike katika shule ya kata iliyo karibu naye, na chakula cha mchana kiwepo. Chakula si anasa: katika majaribio ya miji mitano ya Marekani yaliyochunguzwa na taasisi ya utafiti ya RAND kuanzia mwaka 2013, walioonyesha manufaa ya wazi zaidi ni waliohudhuria siku 20 au zaidi, na ijapokuwa uhusiano huo si burhani kamili, unatosha kutuonya kwamba kozi isiyomshika mtoto mwenye njaa itawafaidi tena wale wale wasio na njaa.

Wapo watakaosema kwamba shule zetu huwa na mafunzo ya awali ya Kiingereza katika wiki za mwanzo za Kidato cha Kwanza. Ni kweli, na yadumu. Lakini humpokea kila mtoto kwa kipimo kimoja baada ya pengo kwisha kupanuka. Pingamizi nzito zaidi ni ya wataalamu wa lugha wanaosema kwamba dawa ya kweli ni kufundisha sekondari kwa Kiswahili. Mimi ni mmoja wao kwa itikadi. Lakini Tume ya Makweta juu ya elimu ilishauri hivyo mwaka 1982 na ushauri ukakataliwa. Watafiti Criper na Dodd wakashuhudia mwaka 1984 jinsi Kiingereza cha wanafunzi kilivyokuwa hakitoshi kujifunzia. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ikakiruhusu Kiswahili katika ngazi zote, na bado Kiingereza ndicho kinachotawala sekondari. Vizazi vyote vilivyopita katikati ya tarehe hizo vililipa gharama ya subira yetu, na si halali kukitaka kizazi kingine kilipe kwa minajili ya usafi wa hoja.

Sidai kwamba kozi ya wiki chache itafuta athari ya ufukara wa miaka kumi na mitatu. Nathubutu, hata hivyo, kusema kwamba hakuna matumizi mengine ya fedha kidogo namna hii yatakayomnufaisha mtoto wa maskini kuliko haya, na kwamba wakati ni mfupi. Sera ya Elimu na Mafunzo, katika toleo la 2023, imeipunguza elimu ya msingi kutoka miaka 7 hadi 6, na kwa mpango wa utekelezaji uliopo, mwaka 2027 watoto wa Darasa la Sita na wa Darasa la Saba watamaliza pamoja. Watakaoingia Kidato cha Kwanza baada ya hapo watakuwa wengi zaidi, na baadhi yao wadogo zaidi, kuliko tuliowazoea. Halmashauri zianze basi katika kata zao zenye dhiki kubwa, ziandike mahudhurio kwa uaminifu, zipime walichojifunza watoto kwa lugha zote mbili, na zitangaze matokeo kabla ya mwaka huo kufika.