Mbinu ya Ponseti

Mbinu ya Ponseti ni njia ya kutibu mguu kifundo bila upasuaji mkubwa. Mguu kifundo ni ulemavu wa kuzaliwa ambapo unyayo wa mtoto umepinda kuelekea ndani na chini. Hutokea kwa takriban mtoto 1 au 2 kati ya 1,000. Asipotibiwa, hukua akikanyagia ubavu wa unyayo.

Historia

Mbinu hii ilibuniwa katika Idara ya Upasuaji wa Mifupa ya Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, na daktari Ignacio Ponseti (1914–2009). Alizaliwa kisiwani Menorca, akaikimbia Hispania kutokana na vita vya wenyewe kwa wenyewe, akafika Iowa mwaka 1941. Mkuu wa idara, Arthur Steindler, alimpa kazi ya kuwachunguza upya watu waliopasuliwa miguu utotoni. Alikuta nyayo zao ni ngumu, dhaifu na zenye maumivu. Kisu kiliunyosha mguu, lakini makovu yaliukaza. Ponseti aliona kuwa kano za mtoto mchanga bado hunyumbulika, hivyo zinaweza kuvutwa polepole kwa mikono.

Alichapisha matokeo yake mwaka 1963, ila madaktari wengi waliendelea kupasua kwa miongo kadhaa. Mwaka 1995 wenzake wa idara hiyo walitoa taarifa ya wagonjwa 45 waliofuatiliwa kwa zaidi ya miaka 25: asilimia 78 walikuwa na miguu mizuri au mizuri sana. Kati ya watu waliozaliwa bila ulemavu huo, kiwango kilikuwa asilimia 85.

Tiba

Kila wiki daktari huunyosha mguu kidogo na kuufunga plasta ngumu (hogo). Plasta tano hadi saba hutosha kwa kawaida. Mara nyingi kano ya kisigino hukatwa kwa tundu dogo, kisha plasta ya mwisho hukaa wiki tatu. Baadaye mtoto huvaa viatu vilivyounganishwa kwa ufito, saa 23 kwa siku kwa miezi mitatu, halafu usiku tu hadi umri wa miaka minne au mitano. Sehemu hii ndiyo ngumu kuliko zote, kwa kuwa mzazi akiona mguu umenyooka huviacha viatu, nao mguu hupinda tena.

Kuenea

Wazazi waliokuwa wakiandikiana kwenye intaneti walichangia sana kuieneza. Nchini Uganda na Malawi, ambako madaktari bingwa wa mifupa ni wachache, maafisa tabibu walifunzwa kuitumia. Nchini Tanzania hutolewa katika hospitali ya CCBRT, Dar es Salaam, miongoni mwa nyingine.