Fusulina na Ardhi ya Bwaise

Mwalimu akikosea, kosa lake halifungiwi darasani. Hutoka pamoja na wanafunzi, likaenda nao majumbani, na pengine likarithiwa. Sisi tunaofundisha Bwaise, upande wa kaskazini wa jiji la Kampala, tunalo kosa moja la namna hiyo, na makala haya tumeyaandika kwa nia ya kulisahihisha.

Ilikuwa baada ya mvua kubwa. Vibarua walikuwa wakizibua mfereji karibu na shule, na tope jeusi lilikuwa limerundikwa kando ya njia. Darasani tulikuwa tukisoma habari za visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe. Kitabuni palikuwa na picha ya kigamba kirefu, kinene katikati na kilichochongoka ncha mbili, mfano wa punje ya mpunga. Jina lake Fusulina. Mwanafunzi mmoja akauliza kama lile tope la mfereji likichambuliwa atapatikana humo. Tulimjibu upesi kwamba akichimba chini vya kutosha atampata, kwa kuwa ardhi yote ina historia. Kwamba ardhi yote ina historia ni kweli. Kwamba Fusulina atapatikana Bwaise si kweli, na sababu zake zinastahili kuelezwa kwa utaratibu.

Fusulina ni jenasi ya viumbe wa baharini waliokwisha kutoweka, walio katika kundi kubwa liitwalo foraminifera. Kiumbe wa kundi hili ana seli moja tu, lakini wengi wao hujijengea gamba lenye vyumba, na vyumba hivyo hupitana kwa vitundu. Vitundu hivyo ndivyo vilivyolipa kundi jina lake. Mwaka 1826 mtaalamu wa Kifaransa, Alcide d'Orbigny, aliliunda kutokana na Kilatini, na maana yake ni "wenye vitundu". Yeye alidhani kwamba viumbe hawa ni jamaa wadogo wa pweza na ngisi, kwa kuwa magamba yao mengi yamejiviringa. Mwaka 1835 Mfaransa mwenziwe, Félix Dujardin, alionyesha kwamba ndani ya gamba hamna mnyama wa aina hiyo, ila ute hai ulio sahili kabisa. Kumbe hata aliyewapa jina alianza kwa kukosea.

Fusulina mwenyewe alipewa jina mwaka 1829 na Gotthelf Fischer von Waldheim, Mjerumani aliyehamia Moscow mwaka 1804 na kufanya kazi huko mpaka kufa kwake. Alilitoa jina hilo katika neno la Kilatini la kijiti cha kusokotea uzi, kwa sababu ya umbo lake. Wazee wetu wa pwani wangaliitambua sura hiyo bila taabu, maana katika magofu ya Kilwa wachimbuzi wamepata vigurudumu vingi vya vigae vilivyotumiwa kusokotea uzi wa pamba. Visukuku alivyovishughulikia Fischer vilitoka katika mawe meupe ya chokaa ya nchi ya Moscow. Mawe ya aina hiyo ndiyo yaliyojengewa kuta za ngome ya Kremlin mwaka 1367, na kwa ajili yake Moscow ikaitwa mji wa mawe meupe. Watu walikuwa wamekaa karne nyingi ndani ya kuta zenye mabaki ya bahari kabla mtu hajawaeleza hivyo.

Viumbe hawa waliishi yapata miaka milioni 310 iliyopita, katika zama za Kaboniferasi, ambazo kwa Kiswahili tunaweza kuziita zama za makaa ya mawe. Walipenda bahari za kina kidogo, zenye maji ya vuguvugu na mwanga wa kutosha. Walipokufa, magamba yao yalishuka chini kwa maelfu na maelfu, na mahali pengine yakawa sehemu kubwa ya jiwe lenyewe.

Thamani yao kwa wanahistoria wa dunia ni kwamba jamaa zao walibadilika haraka. Ukilikata gamba, ukalisaga hata likawa jembamba kiasi cha kupitisha mwanga, kisha ukaliweka chini ya hadubini, utaona jinsi kuta na vyumba vyake vilivyopangwa. Mpango huo hutofautiana toka tabaka moja hadi jingine, na mtaalamu huutumia kulitambua tabaka lake. Mwaka 1927 Carl Dunbar na George Condra walitoa kitabu juu ya viumbe hawa katika miamba ya Nebraska, Marekani. Katika miaka hiyohiyo makampuni ya mafuta yalikuwa yamekwisha kugundua kwamba vigamba vilivyoletwa juu na mashine za kuchimbia vingeweza kuwaambia wamefika tabaka gani. Kiumbe mdogo kama punje akawa saa ya kupimia miamba.

Sasa turudi Bwaise. Mtaa huu umo bondeni, chini ya vilima vya Makerere na Kawempe. Tope letu ni tope la kinamasi. Palikuwa na mafunjo hapa kabla ya nyumba, na maji yanayotufurikia bado hutafuta njia yake ya zamani kuelekea kinamasi cha Lubigi, kisha mto Mayanja, kisha Kafu, hata yakaingia Nile. Tope hilo ni jipya mno kwa hesabu ya miamba. Chini yake mambo hugeuka ghafula: miamba ya msingi ya Kampala ina umri wa karibu miaka bilioni 2, nayo ilikuwa imekwisha kuwa mikongwe sana Fusulina alipozaliwa. Kati ya tope na mwamba huo, zama za makaa hazikutuachia ukurasa hapa. Hata mawe ya chokaa ya Tororo, yanayotengenezewa saruji, hayatokani na magamba ya bahari. Yalitokana na volkano. Mwanafunzi wetu angechimba mpaka azeeke, asimpate Fusulina.

Je, ukurasa huo ulichanika wote? La. Uganda ilianzishiwa idara yake ya uchunguzi wa miamba mwaka 1919, chini ya E. J. Wayland, na tangu hapo elimu ya ardhi yetu imekuwa ikikusanywa kidogo kidogo. Huko Entebbe, Bugiri na katika kisiwa cha Dagusi, ndani ya Ziwa Viktoria, yametambuliwa mabaki madogo ya tabaka za Karoo, ambazo katika Afrika zilianza kutandikwa mwishoni mwa zama za makaa. Hayo ni mashapo ya nchi kavu na maji yake baridi. Upande wa magharibi, katika bonde la Lukuga karibu na Kalemie nchini Kongo, yapo mashapo yaliyoachwa na barafu yenyewe. Wakati ule Afrika ilikuwa imeungana na Amerika ya Kusini, Uhindi, Australia na Antaktika katika bara moja lililoitwa na wataalamu Gondwana, na sehemu kubwa za bara hilo zililala chini ya barafu. Upande wetu wa dunia ulikuwa nchi ya baridi, na Fusulina alikuwa mwenyeji wa bahari za joto zilizokuwa mbali.

Hata hivyo, pande hizo mbili hazikuwa bila uhusiano. Katika Kansas, Illinois na majimbo jirani ya Marekani, tabaka za zama hizo zinapokezana kwa namna ya ajabu: makaa ya mawe, kisha chokaa ya bahari yenye jamaa za Fusulina, kisha nchi kavu tena, na mara nyingi sana hivyo. Mwaka 1936 Harold Wanless na Francis Shepard walitoa hoja kwamba chanzo chake kilikuwa barafu ya Gondwana. Barafu ilipokua, ilishika maji, na bahari ikapwa. Ilipoyeyuka, bahari ikajaa na kufunika misitu ya pwani. Hoja hiyo imekubaliwa na wengi hadi leo. Kwa hiyo Fusulina hakuishi kwetu, lakini kupwa na kujaa kwa bahari yake kulitawaliwa na barafu ya bara letu.

Anayetaka kuona mambo hayo mawili katika nchi moja na aende Oman, ambako jamaa wengi wa watu wa pwani wanaishi na Kiswahili kinasemwa. Katika eneo la Huqf imo miamba iliyokwaruzwa na barafu ya zama zile. Na katika tabaka za baadaye kidogo, za zama za Permi, ikiwamo milima ya Jabal Akhdar, yamo mawe ya chokaa yenye jamaa za Fusulina. Barafu ilipoondoka, bahari ya joto iliingia, nao wakaja nayo. Ukoo wao wote ulikoma miaka milioni 252 iliyopita, katika maangamizi makubwa kuliko yote yanayojulikana katika historia ya viumbe. Foraminifera wengine walisalia, na udongo wa Kilwa na Lindi umehifadhi magamba ya vizazi vyao vya baadaye kwa uzuri uliowavuta wataalamu wa mataifa mengi.

Tulirudi darasani tukawaambia wanafunzi kwamba tulikosea. Tuliwaeleza kwamba mfereji wa Bwaise hauna Fusulina, na kwamba kutokuwapo kwake nako ni habari, kwa kuwa hutuambia nchi hii ilikuwa nini wakati ule. Yule mwanafunzi akauliza kama barafu ilifika mpaka hapa shuleni. Safari hii tulimwambia kwamba alama zilizotufikia ziko Entebbe na si Bwaise, na kwamba mwamba wa hapa hautuambii zaidi.

Mwezi wa Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda lilikubali Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Walimu wenzetu, lugha inayopewa kazi hiyo haiwezi kuishia katika salamu na ngano. Itaulizwa habari za mawe na tope pia, na watoto watakaouliza wanastahili kujibiwa kwa maneno wanayoyaelewa na kwa mambo yaliyo kweli. Tukikosa jibu, na tukalitafute kabla ya kulitoa.