Urani ya Shinkolobwe: kutoka jiwe la Katanga hadi bomu

Mgodi wa Shinkolobwe, karibu na Likasi huko Katanga, ndio uliotoa sehemu kubwa ya urani ya bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945. Mwaka 1940, Edgar Sengier, mkuu wa kampuni ya Union Minière, alisafirisha takriban tani 1,200 za mawe ya urani ya mgodi huo hadi Staten Island, New York, akihofia Wajerumani. Yalikaa ghalani mpaka Septemba 1942, jeshi la Marekani lilipoyanunua. Asilimia 65 ya mawe hayo ilikuwa oksaidi ya urani, ilhali kwingineko jiwe lenye asilimia 0.3 tu lilihesabiwa kuwa zuri.

Lakini jiwe lenye urani nyingi si urani iliyorutubishwa, na hapa ndipo wengi huchanganya. Urani ya Shinkolobwe, hata baada ya kusafishwa kabisa, ilikuwa urani asilia kama ya kwingine kokote: katika kila atomu 1,000, karibu 993 ni urani-238 na 7 tu ni urani-235. Hizo 7 ndizo hupasuka kwa urahisi zikigongwa na nutroni, na kutoa nutroni nyingine za kuendeleza mpasuko. Urani asilia inaweza kuendesha kinu cha nyuklia. Enrico Fermi alithibitisha hilo Chicago tarehe 2 Desemba 1942, akiipanga katikati ya matofali ya grafaiti. Lakini haiwezi kutengeneza bomu.

Kurutubisha ni kuongeza sehemu ya urani-235, na ugumu wake ni kwamba aina zote mbili ni kitu kimoja kikemia. Hakuna asidi ya kuzitenganisha. Zinatofautiana uzito tu, kwa nutroni tatu. Huko Oak Ridge, Tennessee, sumaku kubwa zilipinda njia ya atomu zinazokwenda kasi, nyepesi zikapinda zaidi ya nzito. Shaba ilikuwa adimu kwa sababu ya vita, hivyo nyaya za sumaku zilitengenezwa kwa maelfu ya tani za fedha iliyoazimwa kutoka hazina ya Marekani. Wasichana waliotoka shule walikaa kwenye viti virefu zamu baada ya zamu, wakizungusha vitufe ili mshale wa kipimo usitoke mahali pake, bila kuambiwa wanatengeneza nini.

Kazi yote hiyo ilizaa takriban kilo 64 za urani ya kutia ndani ya bomu, zilizorutubishwa kwa wastani wa asilimia 80. Vinu vingi vya umeme leo hutumia asilimia 3 hadi 5 tu.

Mwaka 1946 Sengier alipewa nishani na Marekani. Wakongo waliochimba mawe yale hawakupewa, na hilo linaniuma kila ninaposoma historia hii. Mwaka 1959 Leopoldville, Kinshasa ya leo, ilipata kinu cha kwanza cha nyuklia barani Afrika, kidogo, cha utafiti. Mafuta yake yalikuwa urani iliyorutubishwa karibu asilimia 20, na ilitoka Marekani.