Bunduki fupi ya upepo: Ayajue nini mkazi wa Garissa kabla ya kununua

BUNDUKI ya upepo huonekana kama chombo cha mchezo. Haitumii baruti, mlio wake ni mdogo, kijirisasi chake ni kidogo, na zile fupi huingia katika mkoba wa kawaida wa safari. Ndiyo maana mtu anayeishi Garissa, Wajir au Mandera, akiona picha yake katika intaneti, huanza kuuliza kipenyo na bei. Maswali hayo yana majibu, nayo yamo katika makala haya, lakini hayawezi kuwa ya kwanza. La kwanza ni iwapo kuna mnyama hata mmoja katika eneo hilo ambaye mtu anaruhusiwa kumlenga.

Kwa mwindaji wa kawaida, jibu ni hapana. Serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji mnamo Mei 1977, na mwaka uliofuata ikafunga biashara ya pembe, ngozi na mapambo yatokanayo na wanyamapori. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013, iliyoanza kutumika Januari 2014, haikulegeza kamba hiyo. Kuwinda kwa burudani ni kosa, kuwinda kwa ajili ya kitoweo ni kosa, na kuuza nyama ya porini ni kosa jingine tena lenye adhabu yake. Wapo wanaodhani kwamba marufuku hiyo iliwekwa kwa ajili ya ndovu na faru pekee. La hasha. Digidigi, ambaye Wasomali humwita sagaaro, ni mnyamapori mbele ya sheria sawa na twiga. Kadhalika sungura wa nyikani, na kadhalika kanga mwenye shingo ndefu na kifua cha samawati anayetembea kwa makundi kandokando ya barabara za Garissa.

Wazee wachache watakumbuka kwamba hata baada ya 1977 baadhi ya ndege, kama vile kanga na kwale, waliendelea kuwindwa kwa leseni katika maeneo yaliyotengwa. Anayeshikilia kumbukumbu hiyo asiifanye kibali. Aende katika ofisi ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) na apate jibu kwa maandishi.

Marufuku hayo hayakuwaangukia watu wote kwa uzito mmoja. Kusini mwa Garissa, kuelekea msitu wa Boni na mpaka wa Lamu, wanaishi Waaweer, ambao majirani zao huwaita Waboni. Hao hawakuwinda kwa kujifurahisha. Upinde, mshale wa sumu na asali ya mwituni ndivyo vilivyokuwa ghala lao. Hufahamika mpaka leo kwa ustadi wa kumpigia mluzi ndege aongozaye njia ya kwenda kwenye mzinga. Vita vya Shifta vya miaka ya 1960 viliwatoa msituni na kuwaweka katika vijiji, kisha sheria ya 1977 ikageuza chakula chao kuwa ushahidi wa mahakamani. Mtu wa mjini anayetaka bunduki ya kuwindia sungura mwishoni mwa wiki anapaswa kujua kwamba sheria iliyomnyima Mwaaweer kitoweo haitamhurumia yeye.

Chombo chenyewe nacho kina sheria yake. Sheria ya Bunduki, Sura ya 114, huitazama bunduki kuwa silaha yoyote yenye mtutu iwezayo kuua, ambayo risasi au kitu kingine chaweza kurushwa kutoka humo, na hukataza mtu kununua au kumiliki bunduki bila cheti. Sheria haikuishia kwenye baruti. Mnunuzi mwenye hoja kwamba yake ni ya upepo tu anajitetea kwa jambo ambalo maelezo hayo hayakulitaja. Aidha, bunduki isiyoweza kuua haimfai mwindaji, na ile imfaayo mwindaji ndiyo hasa inayomwingiza katika maelezo hayo. Wa kuulizwa ni Bodi ya Kutoa Leseni za Bunduki, tena kabla ya kuagiza, kwani mzigo ukishafika forodhani bila kibali, mwenye jina lililoandikwa juu yake hana pa kujificha.

Mahali penyewe pia pana historia yake. Hali ya hatari ilitangazwa katika eneo la Kaskazini Mashariki mwishoni mwa 1963 na haikuondolewa hadi 1991, hivyo kwa karibu miongo mitatu wenyeji waliishi chini ya kanuni ambazo Wakenya wengine hawakuzijua. Tarehe 2 Aprili 2015, magaidi waliwaua watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa. Afisa aliye kizuizini usiku, akiona mtutu mfupi mweusi ukitokeza kwenye kiti cha nyuma, hatasimama kutafakari iwapo ndani mna baruti au hewa. Kadiri bunduki ya upepo inavyofupishwa ndivyo inavyozidi kufanana na silaha za kivita, na watengenezaji wengi huzipamba makusudi zifanane. Sifa inayomvutia mnunuzi wa ng'ambo ndiyo hatari kubwa kwa msafiri wa barabara ya Garissa hadi Dadaab.

Wapo wasiotaka kitoweo. Mkulima wa maembe au ndizi kando ya Mto Tana, anayeamka na kukuta nyani wamelila shamba, ana kilio cha haki. Hata hivyo, kijirisasi humjeruhi nyani bila kumwua, na nyani aliyejeruhiwa ni mkali kuliko mwenye njaa. Isitoshe, katika misitu ya mto huo, upande wa chini, wamo mbega wekundu wa Tana na nyani wa kishungi, jamii mbili zilizo hatarini kutoweka na zisizopatikana penginepo duniani. Uharibifu wa mimea huripotiwa kwa KWS, na sheria ya 2013 iliunda kamati katika kila kaunti za kusikiliza madai ya fidia. Najua njia hiyo ni ndefu na huchosha. Lakini haimpeleki mkulima korokoroni.

Kwa Waislamu, ambao ndio wengi Garissa, liko suala la tatu. Neno bunduki limetujia kutoka Kiarabu, na asili yake, bunduq, ni aina ya kokwa. Baadaye likawa jina la tufe dogo la udongo lililorushwa kwa upinde kuwapiga ndege. Wanazuoni wa kale waliijadili sana nyama ya ndege aliyekufa kwa tufe hilo. Hoja yao ilitegemea Sura ya Al-Maida, aya ya tatu, inayoharamisha mnyama aliyekufa kwa kupigwa, na Hadithi ya Adiy bin Hatim inayotofautisha chombo kinachotoboa kwa ncha na kile kinachoua kwa uzito wa pigo. Wengi wao walisema haliwi mpaka adirikiwe yu hai na kuchinjwa. Kuhusu risasi ya baruti, wanazuoni wa zama za karibuni wametofautiana. Kijirisasi cha upepo, ambacho mara nyingi kina kichwa butu na mwendo mdogo, kiko karibu zaidi na tufe lile la udongo, basi mwenye shaka amwulize shehe wake kabla ya kuwasha jiko.

Nani, basi, anayehitaji ushauri wa kuchagua? Ni yule atakayeitumia mahali inaporuhusiwa. Wapo wenyeji wa Kaskazini Mashariki waliohamia Uingereza, ambako sungura-mwitu huharibu mashamba na huwindwa kwa ruhusa ya mwenye ardhi. Huko Uingereza na Wales, mtu mwenye umri wa miaka 18 na zaidi hununua bunduki ya upepo bila cheti mradi nguvu yake isizidi kiasi cha jouli 16. Scotland imedai cheti tangu mwisho wa 2016, na Ireland ya Kaskazini hudai cheti kwa nguvu inayozidi jouli moja tu.

Jouli 16 si nyingi. Kijirisasi cha gramu moja kikitoka mtutuni kwa mwendo wa mita 180 kwa sekunde kina takriban kiasi hicho, ilhali risasi ndogo kabisa ya baruti ya kuwindia sungura huzidi jouli 130. Kwa hiyo mwindaji mwangalifu hapigi mbali zaidi ya mita 30 au 35, na hulenga kichwa. Kwa mnyama wa kimo cha digidigi, nguvu hiyo ni ya kumtesa tu. Kipenyo cha milimita 4.5 hurusha kijirisasi chepesi kinachokwenda karibu na mstari ulionyooka. Cha milimita 5.5 huteremka mapema zaidi lakini hupiga kwa uzito, na wawindaji wengi wa sungura hukipendelea.

Kuhusu ufupi, mnunuzi asidanganywe na urefu uliotajwa kwenye boksi. Bunduki ya springi inayokunjwa katikati hutumia mtutu wake kama wenzo wa kuikokia. Mtutu ukifupishwa, mkono hufanya kazi zaidi na risasi hutawanyika kwa uchovu. Springi, hata hivyo, haihitaji kitu kingine chochote, na hiyo ni fadhila yake kubwa. Bunduki ya mtungi wa hewa iliyoshindiliwa huweza kuwa fupi kweli, hasa ile ambayo mitambo yake imesogezwa ndani ya kitako nyuma ya kifyatulio, nayo haimrushi mpigaji. Lakini hujazwa kwa pampu maalumu au mtungi wa mpiga mbizi. Pampu ya baiskeli haifui dafu. Tena darubini yake hukaa juu sana ya mtutu, na mpigaji asiyezoea hukosa shabaha ya karibu akidhani ni kosa la bunduki.

Zile za gesi ya kabonidayoksaidi ndizo nyepesi na rahisi kuliko zote, na ndizo zisizofaa kabisa kwa nchi za joto. Mgandamizo wa gesi hiyo hupanda na kushuka kwa hali ya hewa, hivyo bunduki iliyopimwa shabaha asubuhi yenye ubaridi hupiga kwingine adhuhuri. Katika joto la zaidi ya nyuzi 35, ambalo Garissa hulijua vyema, vali yake yaweza kukwama kabisa. Yeyote ile iwayo, haiachwi ndani ya gari lililoanikwa juani, na haiachwi imekokiwa nyumbani mwenye watoto: kwa karibu, kijirisasi hicho hicho hupofua jicho, na kimewahi kuua.