Kiharusi na Dawa za Lehemu: Kwa Nini Jibu Lilichelewa

Mwaka 1973, baada ya kupima aina zipatazo 6,000 za kuvu, mtafiti wa Japani Akira Endo na wenzake katika kampuni ya Sankyo walipata kwenye kuvu ya mchele wa Kyoto kemikali inayolizuia ini kutengeneza lehemu. Huo ndio mwanzo wa dawa za lehemu ziitwazo statini. Marekani iliidhinisha lovastatini mwaka 1987, na mwaka 1994 utafiti wa wagonjwa 4,444 wa moyo huko Skandinavia ulithibitisha kuwa simvastatini hupunguza vifo. Aliyepata kiharusi alisubiri jibu lake hadi 2006. Kilichomchelewesha, kwa maoni yangu, ni hesabu iliyochanganya maradhi mawili. Uchambuzi wa mwaka 1995, uliokusanya tafiti 45 na watu 450,000, haukuona uhusiano wa lehemu na kiharusi. Lakini kuna kiharusi cha mshipa kuziba na kiharusi cha mshipa kupasuka, na uchambuzi ule haukuvitenganisha. Lehemu nyingi huchochea kile cha kwanza, ilhali kile cha pili huelekea kuwapata zaidi wenye lehemu ndogo. Ukivijumlisha, kimoja hukificha kingine.

Utafiti wa mwaka 2006 uitwao SPARCL ndio uliouliza swali sawasawa. Watu 4,731 waliokuwa wamepata kiharusi, au dalili zake za kupita, mwezi mmoja hadi sita kabla, na wasio na ugonjwa wa moyo unaojulikana, walipewa ama atorvastatini miligramu 80 kila siku ama kidonge kisicho na dawa. Baada ya takriban miaka mitano, kiharusi kiliwapata asilimia 11.2 ya waliotumia dawa na asilimia 13.1 ya wengine. Wapo wanaosema tofauti hiyo ni ndogo, tena waliovuja damu ubongoni, yaani waliopasukiwa na mshipa, walikuwa 55 kati ya waliotumia dawa na 33 kati ya wengine. Ni kweli, na kwa aliyewahi kuvuja damu pingamizi hilo lina uzito. Hata hivyo, waliovuja damu wamo tayari katika jumla ya viharusi 265 dhidi ya 311. Faida iliyobaki ni baada ya kutoa hasara. Lakini kwa kuwa hasara hiyo humhusu zaidi aliyewahi kuvuja damu, kipimo cha CT scan kinachoonyesha aina ya kiharusi ni sehemu ya tiba yenyewe. Mgonjwa na aulize alipata kiharusi cha aina gani, na asiache dawa kabla ya kuongea na daktari wake.