Kichanganya masafa tuli: uboreshaji wa utendaji wake

Kichanganya masafa ni saketi inayopokea mawimbi mawili ya umeme, moja likiwa ishara iliyonaswa na antena na jingine likizalishwa na osileta iliyomo ndani ya redio, na kutoa mawimbi mapya ambayo masafa yake ni jumla na tofauti ya yale mawili ya mwanzo. Huitwa tuli pale kazi hiyo inapofanywa na daiodi au transista zinazotumika kama swichi tu, bila kuikuza ishara. Kichanganya, kiwe tuli au la, ni kiungo cha lazima katika redio ya superheterodaini, ambayo misingi yake iliwekwa na Lucien Lévy nchini Ufaransa na Edwin Armstrong wa Marekani katika miaka ya 1917 na 1918.

Katika umbo lake lililozoeleka zaidi, daiodi nne hupangwa kama pete kati ya transfoma mbili, mpango ambao Mmarekani Frank Cowan aliupatia hataza katika miaka ya 1930. Osileta hufungua daiodi mbili katika nusu ya kwanza ya mzunguko wake na mbili nyingine katika nusu inayofuata, hivyo ishara hupinduliwa chanya na hasi kwa kasi ya osileta hiyo. Daiodi zikilingana na transfoma zikifungwa kwa uangalifu, osileta haivuji kuelekea antena. Ulinganifu huo ukipungua, uvujaji huongezeka, hasa masafa yanapopanda.

Hata swichi isiyo na dosari haikwepi upotevu. Asilimia 40 hivi ya nguvu ya ishara huenda kwenye tofauti, kiasi kilekile huenda kwenye jumla, na salio hutawanyika katika mazao yanayozunguka masafa ya osileta yaliyozidishwa mara tatu, mara tano na kuendelea. Upotevu huo wa kimsingi ni desibeli 3.9, nao kwa daiodi halisi za Schottky hufika kati ya desibeli 5.5 na 8. Kwa kuwa kelele ya kichanganya tuli hukaribia kulingana na upotevu wake, kikuzaji kinachofuata sharti kiwe na kelele ndogo sana, kwani kelele yake hujumlishwa juu ya upotevu huo.

Anayetaka kuboresha kichanganya aanzie kwenye mlango wa kutokea, mahali panapopuuzwa mno. Redio inayopokea megahezi 7.1 kwa osileta ya megahezi 16.1 hutoa tofauti ya megahezi 9, inayotakiwa, lakini pia hutoa jumla ya megahezi 23.2 yenye nguvu sawa. Kichujio cha fuwele kikiunganishwa moja kwa moja, hupitisha megahezi 9 na kurudisha nyuma karibu kila kitu kingine; wimbi la megahezi 23.2 huingia tena katika daiodi, huchanganyika upya na osileta na kuzaa megahezi 7.1, yaani masafa yaleyale ya ishara iliyoingia. Matokeo yake ni upotevu unaobadilika hata kwa tofauti ya urefu wa waya, pamoja na ishara za uongo ambazo daiodi bora zaidi hazingeziondoa. Dawa yake ni saketi ndogo ya kugawa masafa, ambayo koili na kapasita zake hupitisha megahezi 9 kuelekea kikuzaji, huku masafa mengine yote yakielekezwa kwenye rezista ya omu 50 na kumezwa humo. Gharama yake ni ndogo mno ikilinganishwa na faida yake.

Nguvu ya osileta ndiyo inayofuata kwa umuhimu. Ishara mbili zenye nguvu zikiingia pamoja, kichanganya huzaa ishara za uongo ambazo hupanda kwa desibeli tatu kila ishara hizo zinapopanda kwa desibeli moja, na uovu huo hutokea zaidi katika muda ambao daiodi haijafunguka wala haijafunga kikamilifu. Pete ya kawaida huendeshwa kwa miliwati 5. Zile za kuhimili ishara kubwa zaidi huhitaji miliwati 50. Wimbi la mraba husaidia pia, kwa sababu hufupisha muda huo wa kigeugeu.

Transista zilifungua njia nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Mwingereza Colin Horrabin, mwanaredio wa ridhaa, alibuni mpango wa H, ambamo upande mmoja wa kila swichi hufungwa kwenye ardhi ya saketi, hivyo volti ya ishara haiyumbishi volti inayoifungua swichi. Mpango huo hudai osileta yenye nusu mbili zilizo sawa kabisa, na ndiyo maana wajenzi wengi huzalisha masafa mara mbili ya yanayotakiwa, kisha huyagawa kwa mbili kwa saketi ya kidijitali.

Katika chipu za mawasiliano ya leo hutumiwa swichi nne, kila moja ikifunguka kwa robo ya mzunguko bila kupishana na nyingine, na upotevu wa kimsingi hushuka hadi desibeli 0.9. Kapasita zilizowekwa kwenye milango yake ya kutokea huonekana upande wa antena kama kichujio chembamba, na kichujio hicho huhama pamoja na osileta.